Safari Isiyo na Msiba: Tabora hadi Kigoma, Mwenyewe

Alhamisi, Tabora

Basi limenishusha stendi ya Tabora alasiri, jua bado kali. Jana nilitoka Dar es Salaam kwa treni ya SGR nikalala Dodoma, na leo nimepanda basi la asubuhi kupitia Manyoni na Itigi, makusudi niingie mji nisioujua kungali mchana. Hilo ndilo sharti langu la kwanza ninaposafiri mwenyewe, na linaniondolea sehemu kubwa ya yale ambayo watu hunitisha nayo.

Safari hii walinitisha sana. Kila niliyemwambia kwamba nakwenda Tabora na Kigoma aliuliza maswali yaleyale: Unamfuata nani? Kuna msiba? Umehamishwa kazi? Nikijibu kwamba nakwenda kutembea, kuona Kwihara, Ujiji na Gombe, uso wa mtu unabadilika. Mama mdogo alinivuta pembeni akaniuliza taratibu kama nimegombana na mtu. Jirani akasema nitaumwa huko nikose wa kunipa maji. Rafiki yangu wa kazini, kwa nia njema kabisa, alininunulia pete ya bandia niivae ili wanaume wadhani nimeolewa.

Pete nimeiacha nyumbani. Wapo dada wanaoivaa na siwalaumu, kila mtu anajua kinachompa usalama. Mimi sikutaka kubeba uongo ambao ningelazimika kuutunza mbele ya watu watakaonikaribisha kwao, maana nilijua watakuwapo.

Wa kwanza nimemkuta gesti, hata begi sijaweka chini. Daftari la wageni lina safu ya kabila. Dada wa mapokezi alipoona nimeandika Mzaramo alishika kiuno: “Mtani! Nani kakupa ruhusa kuingia Unyamwezini bila kodi?” Nikamjibu kwamba kodi ya babu yangu haijaisha, waliila wapagazi wao walipopita kwetu. Akacheka mpaka mlinzi akaja kuangalia kuna nini. Utani wetu na Wanyamwezi una mizizi kwenye misafara ya karne ya 19, walipokuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu wakipita Uzaramo. Ulikuwa na kazi yake hasa: mgeni apate pa kulala na chakula, na akifia njiani apate wa kumzika. Leo umenipatia ndoo ya maji ya moto na namba ya bodaboda ambaye yule dada anamwamini.

Ijumaa, Kwihara

Kwihara iko kilomita chache nje ya mji. Njia ni ya vumbi, miembe kila upande. Nilipofika nilikuta tembe la udongo lililojengwa upya, na ndani yake picha na maandishi. Hapa ndipo David Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, alipokaa mwaka 1872.

Nilikuja kwa sababu ya jambo moja ambalo shuleni hatukulitazama vizuri. Livingstone na Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, walifika hapa pamoja Februari 1872, wakitokea Ujiji. Machi, Stanley akaondoka kurudi pwani. Livingstone akabaki Kwihara mpaka Agosti. Vitambaa na dawa alivyoachiwa na Stanley alikuwa navyo. Alichokosa ni watu. Bila wapagazi hakuweza kwenda popote, ikabidi akae miezi yote hiyo akisubiri Stanley afike pwani, amtafutie watu na kumtumia huku bara.

Stanley naye, picha zote zinamwonyesha kama mtu mmoja aliyekata pori. Alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 msafara wake ulikuwa na watu karibu 200, na mkuu wa askari wake alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao ambaye tayari alikuwa amefika Ziwa Tanganyika mwaka 1858 pamoja na wapelelezi Burton na Speke. Bombay aliijua njia kabla Stanley hajaisikia.

Nimekaa kibarazani nikifikiria ni kiasi gani picha ile ya mtu mmoja mwenye kofia imetuharibia. Imetufanya tuamini kwamba anayesafiri mwenyewe ni jasiri wa ajabu asiyemhitaji yeyote, kisha kila mwenye hofu ya kawaida anajiona hafai. Wakati watu wa hapahapa walikuwa na desturi yao ya safari: kijana wa Kinyamwezi aliyefika pwani na kurudi alihesabiwa amekua. Na katika misafara ile wanawake walikuwamo, wengine na mizigo yao kichwani.

Kijana wa bodaboda alinisubiri muda wote huo chini ya mwembe bila kunung’unika. Aliponirudisha, alisubiri mpaka nikaingia getini ndipo akawasha pikipiki.

Jumamosi, Tabora

Soko, asali, matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) ya kutafuna njiani, tiketi. Nimekata daraja la pili la kulala. Ukisafiri mwenyewe hilo ni muhimu kulijua: chumba kina vitanda sita, wanawake wanapangwa na wanawake, wanaume na wanaume. Kuna watu wanaogopa treni ya usiku kwa kudhani watafungiwa chumba kimoja na mwanamume wasiyemjua.

Mchana nilikula kwa mama lishe karibu na stesheni. Nilikuwa nimesikia kwamba kula peke yako mbele za watu ni aibu, wengine hubeba chakula wakaenda kula chumbani. Mama lishe alinisogezea kiti mezani kwa madereva watatu, akaweka jagi la maji ya kunawa katikati, na maongezi yakawa bei ya tumbaku msimu huu. Hakuna aliyeniuliza niko na nani.

Usiku wa kuamkia Jumapili, ndani ya treni

Huu usiku nataka kuuandika wote, kwa sababu ndio ulionifungua macho.

Tulikuwa wanawake sita. Kitanda cha chini mkono wa kushoto alikuwa bibi mmoja anakwenda Nguruka kumzika kaka yake. Mkabala naye mama mfanyabiashara, anapeleka vitenge Kigoma na kurudi na dagaa na mawese. Katikati muuguzi kijana aliyehamishiwa Uvinza, na mwenzake upande wa pili, mwanafunzi anarudi chuo. Juu, mimi na mama mwenye mtoto anayenyonya, anayemfuata mumewe. Mama yule tukambadilisha mara moja, akapewa kitanda cha chini cha mfanyabiashara, naye akapanda juu.

Tumepita Urambo tunamenya karanga. Bibi akanigeukia.

“Na wewe mwanangu, unakwenda kwa nani?”

“Siendi kwa mtu, bibi. Nakwenda kutembea.”

“Kutembea tu?”

“Kutembea tu. Nataka kuiona Kigoma.”

Chumba kizima kikanyamaza. Mwanafunzi akaniangalia kwa namna ya kunionea huruma. Ndipo nilipowatazama wote, mmoja baada ya mwingine. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na mwenza. Bibi mwenye miguu iliyovimba alikuwa ametoka nyumbani kwake mwenyewe, akapanda na kushuka magari mpaka stesheni. Muuguzi alikuwa anakwenda mji ambao hajawahi kuuona, hana ndugu huko, hajui atalala wapi usiku wa kwanza. Mfanyabiashara amekwenda njia hii miaka na fedha kiunoni. Kama hatari ndiyo hoja, basi hawa walikuwa hatarini kuliko mimi. Lakini hakuna jirani aliyewazuia, hakuna aliyewapa pete ya bandia. Wao wana msiba, wana kazi, wana biashara, wana mume anayewasubiri.

Mimi sikuwa na shida yoyote inayonisukuma. Nadhani hicho ndicho kinachowashtua watu. Mwanamke akitumwa na msiba anaweza kuvuka nchi nzima usiku na watu wakamsaidia kufunga mzigo. Akisema anakwenda kwa sababu moyo wake umependa, ghafla barabara ileile inajaa wezi.

Niliwaambia hivyohivyo, kwa heshima, kwa kuwa bibi alikuwa mfiwa. Bibi alifikiri. Akasema, “Kweli. Mimi kila nilipopanda treni hii alikuwa amekufa mtu.” Mfanyabiashara akasema yeye njia hii anaijua kuliko chumba chake, lakini Ujiji anafika sokoni na kugeuza, pale penye makumbusho hajawahi kuingia. Tukaanza kusimuliana mahali ambapo kila mmoja angependa kufika kama asingetumwa. Muuguzi alitaka kuona Bagamoyo. Mama mwenye mtoto alisema hajui, hajawahi kuulizwa.

Usiku ule pia ndio nilipofundishwa mambo ya usalama yenye maana, tofauti na vitisho vya mtaani. Treni ikisimama stesheni usiku, funga dirisha, maana mkono wa mtu huingia kutoka nje ukaondoka na begi. Viatu vivute ndani kabisa. Simu usiichajie korido. Anayekwenda msalani amwambie aliyeamka. Haya aliyasema mfanyabiashara, na tulipofika Kaliua, pale reli ya Mpanda inapochepuka, aliamka mwenyewe kuhakikisha dirisha limefungwa, kisha akalala tena. Tulilindana usiku kucha, watu ambao jioni ile hatukuwa tunajuana hata majina.

Bibi alishuka Nguruka. Tulimshushia mzigo dirishani. Wauza samaki walikuwa wengi, sauti juu, na katikati yao vijana wawili wa kwao waliokuja kumpokea. Tulichanga rambirambi kidogo.

Jumapili, Kigoma

Kulipambazuka tukiwa maeneo ya Malagarasi, maji yametanda kwenye nyasi mpaka mbali. Uvinza muuguzi akashuka. Mji wa chumvi, watu wameichemsha hapo kutoka kwenye chemchemi tangu zamani sana. Mfanyabiashara alichungulia dirishani mpaka akamwona anaongea na mama mmoja wa stesheni na kuonyeshwa njia, ndipo akakaa.

Kigoma ndio mwisho wa reli. Wajerumani waliifikisha hapa mwaka 1914, miaka miwili baada ya Tabora, na jengo la stesheni ni la enzi zao. Unatoka nje, unapanda kidogo, unageuka, na ziwa lote liko chini yako.

Nimempigia dada yangu. Kila nikifika mahali namtumia jina la gesti na namba ya chumba, na tumekubaliana kwamba nisipopiga hadi saa tatu usiku yeye ndiye aanze kupiga. Watu hudhani kusafiri mwenyewe ni kupotea machoni mwa watu. Mtu mmoja anayejua uko wapi ni sehemu ya mzigo, kama vile nauli.

Jioni nilishuka ufukweni. Sitadanganya: ilikuwa vigumu. Jua lilikuwa linazama upande wa Kongo, vijana wanaogelea, familia zimekaa na watoto wao, nami nilitamani mtu wa kumgusa bega nikamwambia tazama. Wapo wanaosimulia safari za namna hii kana kwamba upweke haupo, na wanawadanganya wanaowasikiliza. Upo. Huja jioni, huja mbele ya kitu kizuri, na siku ukiumwa utakuja kwa nguvu zaidi. Nilikaa nao mpaka giza lilipokaribia, nikarudi gesti kungali na mwanga wa kuona njia, nikala mgebuka, samaki wa ziwa hili, wa kuchoma na ugali wa muhogo. Usingizi ulikuja mapema.

Jumatatu, Ujiji

Bajaji hadi Ujiji haichukui muda. Makumbusho iko mtaani kabisa, nyumba za watu zimeizunguka, na mnara wa kumbukumbu umesimama penye miembe ambayo inaelezwa kuwa ni uzao wa ule wa mwaka 1871. Novemba ya mwaka huo ndipo Stanley alipomkuta Livingstone hapa, mgonjwa na aliyeishiwa.

Sanamu ni mbili, wanaume wawili wanavua kofia. Nilimuuliza mwongozaji Susi na Chuma wako wapi. Alifurahi kwa swali hilo, akanieleza kwa kirefu, nami nilimwacha aseme hata yale niliyoyajua. Abdullah Susi na James Chuma, watumishi wa Livingstone, walikuwa naye hapa Ujiji. Alipofariki Mei 1873, huko ambako leo ni Zambia, wao na wenzao waliukausha mwili wake wakaubeba hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Walipita Tabora Oktoba 1873. Waingereza waliowakuta hapo wakashauri azikwe palepale. Wakakataa, wakaendelea.

Sasa ninapoambiwa kwamba kutembea mwenyewe ni tabia ya kuiga Wazungu, nitaanzia hapo. Yule Mzungu hakutembea mwenyewe, hata maiti yake haikutembea yenyewe.

Nikirudi nilipita soko la Mwanga kununua dagaa. Mwanamume mmoja akaanza kunifuata, anataka namba ya simu, anataka kujua nimefikia wapi. Nilimwambia hapana, hakusikia. Nilikwenda moja kwa moja kwa mama muuza dagaa mwenye umri mkubwa kuliko wote pale, nikamsalimia kwa sauti: “Shikamoo mama, yule kaka ananifuata na simjui.” Akasimama. Akamwita yule mtu kwa jina lake na jina la baba yake. Aliondoka bila kugeuka. Mama akanipimia dagaa na kuniambia nikae kidogo kwanza, halafu mwanawe ataniita bajaji.

Nalisema hili kwa dada zangu wanaofikiria safari kama hii, kwa sababu ushauri tunaopewa ni kutoongea na wageni. Ushauri huo haunifai. Katika mji usiokuwa wako kila mtu ni mgeni kwako, na kati yao ndimo alimo atakayekusimamia. Jifunze kuchagua: mwanamke mtu mzima, mwenye meza yake, anayejulikana pale. Msalimie kabla hujawa na shida.

Jumanne na Jumatano, Gombe

Hapa kuna dhana nyingine ya kurekebisha, kwamba ukiwa mwenyewe unatumia fedha kidogo. Chumba unalipa peke yako. Boti ya kukodi kwenda Gombe bei yake ni ya boti nzima, uwe mmoja au muwe wengi. Nilikwenda Kibirizi nikapanda boti ya abiria inayokwenda vijiji vya kaskazini, ya mbao, yenye injini, imejaa magunia, kuku na akina mama. Nafuu, polepole, na kabla ya kupanda niliuliza jaketi za kujiokolea ziko wapi na nikataka kuiona yangu. Mtu anayesafiri mwenyewe hana wa kumuuliza kwa niaba yake, kwa hiyo lazima ajizoeze kuuliza hata kama watu wanamtazama.

Gombe ni hifadhi ndogo, milima inapanda ghafla kutoka majini. Huruhusiwi kutembea msituni bila mwongozaji, na ukiwa na mafua unazuiwa kuwaona sokwe kwa sababu maradhi yetu yanawaua. Mwongozaji wangu alikuwa kijana wa Kiha mwenye hatua nyepesi. Siku ya pili asubuhi tuliwakuta juu ya bonde la Kakombe, jike na mtoto wake mgongoni, na madume wawili wanatafuna matunda bila kutujali. Nililia kidogo. Sijui kueleza vizuri kwa nini.

Kila mtu duniani anajua kwamba Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, alikuja hapa Julai 1960, msichana mmoja porini. Lakini wakuu wa serikali ya kikoloni walikataa mwanamke kijana akae hapa peke yake. Ikabidi aje na mama yake, Vanne, aliyekaa naye miezi ya mwanzo. Palikuwa na mpishi, palikuwa na maaskari wa wanyama, na baadaye wenyeji wa vijiji vya jirani ndio waliokuwa macho ya utafiti wenyewe. Nimeipenda zaidi hadithi yake nilipoijua hivyo. Mama yake alifunga mzigo wakaja wote.

Mwongozaji akaniambia jambo jingine tukishuka. Kwa sokwe, madume hubaki walikozaliwa. Majike wakishakua ndio huondoka, mmoja mmoja, kwenda kujiunga na jamii nyingine, ingawa hapa Gombe wapo wanaobaki. Nikamuuliza wakifika huko wanapokelewaje. Akasema madume huwakaribisha, majike wenyeji ndio mara nyingi wakali mwanzoni, na mgeni huchukua muda kupata nafasi yake.

Alhamisi, Kigoma

Nimerudi kwa boti ya alfajiri. Gesti ninapolala inasimamiwa na mama mmoja na binti yake wa miaka kama ishirini. Tangu Jumapili binti alikuwa ananidadisi: nimelala wapi, nimelipa kiasi gani, boti ilikuwaje. Leo akasema mbele ya mama yake kwamba anataka kwenda Mwanza, kuliona ziwa lile jingine.

“Mwanza una nani?” mama akauliza.

Sikutaka kuingilia malezi ya mtu. Nilimwambia tu mama kwamba swali lake ni la haki, kwamba mimi mwenyewe sifiki mji bila kujua nalala wapi na nani anajua nipo. Mama akasema yeye hakatai mtoto asisafiri, anakataa asiende kuzurura. “Mwaka juzi mbona nilimwachia? Alikwenda kumuuguza shangazi yake Bugando, mwezi mzima.”

“Alikwenda na nani?” nikauliza.

“Mwenyewe. Alipanda treni hapa, akabadilisha Tabora.”

Binti akasema ziwa aliliona kila siku, kutoka dirisha la wodi, maana hospitali iko juu kilimani. Kulishukia hakupata nafasi, mgonjwa haachwi.

Mama alikunja mashuka yaliyobaki, akayapanga kabatini, akafunga. Kisha akaniuliza nauli ya Tabora kwa sasa ni kiasi gani, ile ya kulala.